Singe ya marehemu baba: je, ina mkosi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Marehemu baba alipigana vita vya Kagera, akarudi mwaka 1979 na singe (kisu cha kuchomekwa mdomoni mwa bunduki) aliyoitoa Uganda. Tangu afariki, mama ameifunga kwenye kitenge, iko chini ya kitanda chake hapa Igombe. Mwaka jana mdogo wangu alizama usiku kwenye dagaa, na wifi yangu mimba zimetoka mara mbili. Ustadhi mmoja anayesoma ruqya (kisomo cha kutibu) anasema singe imekunywa damu na ina jini. Tuchinje mbuzi mweusi ufukweni, damu imwagikie singe, kisha tuitupe ziwani. Kaka zangu wamekubali, na sasa mama wanamtazama vibaya. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mdogo wako. Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, anayewaambia kwamba kijana wenu kaliwa na singe anawanyang'anya faraja hiyo.

Mbuzi huyo msimchinje. Kuchinja kwa ajili ya jini ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, hata mchinjaji apige bismillahi, na katika kitabu cha Hadithi cha Sahihi Muslim Mtume anasema Mwenyezi Mungu amemlaani anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Yeye. Linaloniuma zaidi ni kuwa aliyewatuma anajiita ustadhi. Anayekwenda kwa mganga anajua anakokwenda. Huyu kawajia na msahafu mkononi.

Hoja ya wanaosema kitu kina mkosi naijua. Wanashikilia Hadithi inayotaja nuksi katika nyumba, mwanamke na farasi. Mbona hawasomi mapokezi mengine ya Hadithi hiyo hiyo, yasemayo "kama nuksi ingekuwamo katika kitu"? Bibi Aisha, mke wa Mtume, alighadhibika alipoisikia, akasema Mtume alikuwa akieleza maneno ya watu wa Jahiliya, zama za kabla ya Uislamu. Na silaha imetajwa wapi humo? Upanga wa Dhulfiqar Mtume aliupata katika ngawira za vita vya Badr, umetoka kwa washirikina waliokuja kumuua. Hakuuchinjia mbuzi, aliuchukua ukawa wake. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alilibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba huku akilitamkia kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi. Basi chuma kilichofungwa kwenye kitenge kinamfuataje mvuvi ziwani usiku? Ziwa lina dhoruba zake. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 tulizika mamia, wa kila ukoo. Na wifi yako apelekwe hospitali ya Bugando akapimwe.

Sasa hilo la mama. Huku kwetu Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni walizowapikia watoto wao. Mambo hayo huanzia ndani ya nyumba, kwa minong'ono kama hiyo ya kaka zako. Usiyachukulie kuwa ni hasira za msiba. Mama asilale peke yake, mwenyekiti wa mtaa ajue, na likitamkwa neno la kumdhuru nendeni polisi siku hiyo hiyo.

Singe nayo ni silaha ya vita, si mali ya kurithishana. Ikabidhini polisi mkiwa na mwenyekiti, kwa ajili ya sheria na kuzima fitina, si kwa kuogopa mkosi. Kama baba alitenda lolote vitani linalowatia hofu, muombeeni maghfira, na pesa ya mbuzi itoeni sadaka kwa niaba yake.

Wasomee kaka zako jibu hili mbele ya imamu wa msikiti wenu. Wasipokubali, mchukue mama akae kwako.