Nimetulia, Sijapona

Juzi mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anasema nyumbani mmesali na kushukuru kwa sababu nimepona kansa, Wazungu wamenipa dawa mpya. Halafu kuna jirani mwenye mgonjwa, anaomba nimtumie vidonge hivyo, hata kumi tu. Nimeusikiliza mara tatu. Kilichoniuma ni furaha iliyokuwa katika sauti yake.

Kosa nadhani lilianzia kwangu. Mwezi uliopita niliwaambia, "Majibu yametoka, ugonjwa umetulia." Neno hilo hospitalini lina rula yake. Wanachagua uvimbe kadhaa, wanaupima kwenye picha za CT, zile za eksirei ya kompyuta, wanajumlisha vipimo. Jumla ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, mwili umeitikia dawa. Ikiongezeka kwa asilimia 20, au pakitokea uvimbe mpya, ugonjwa unasonga mbele, na kwa kawaida mgonjwa anatolewa kwenye utafiti huu wa dawa mpya nilimo. Hapo katikati ndipo panapoitwa kutulia. Mimi nilianza na milimita 84, sasa ni 81. Kansa iliyotoka kwenye utumbo mpana bado iko kwenye ini langu, na daktari hajawahi kunitamkia neno kupona. Ninyi mlisikia kutulia kama mtoto aliyekuwa analia akanyamaza.

Na hiyo dawa haina hata jina. Chupa imeandikwa herufi na namba. Kila nikimeza naandika saa kwenye daftari, na kila nikienda kliniki narudisha chupa hata ikiwa tupu. Nesi anavimwaga vilivyobaki kwenye sinia na kuvihesabu mbele yangu. Sina cha kumtumia mtu. Ningekuwa nacho pia nisingetuma, kwa sababu hakuna anayejua bado kama kinatibu. Huu ni utafiti wa awamu ya kwanza. Swali lake kubwa ni binadamu anavumilia dozi ya kiasi gani. Watu watatu wanapewa kidogo, wanaangaliwa. Wasipodhurika, watatu wengine wanaongezewa. Mimi nimo kundi la nne. Dozi inayofaa huenda ikajulikana mimi sipo.

Shangazi, wewe ulisema wananifanya panya. Hofu yako ina mizizi, siwezi kukubishia. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili waangaliwe tu, hata baada ya kujulikana kwamba penisilini inaiponya. Lakini mimi sikudanganywa. Fomu ya ridhaa niliisoma siku mbili, ukurasa kwa ukurasa. Imeandikwa wazi kwamba huenda nisipate faida yoyote, na kwamba naweza kuacha siku yoyote bila kueleza kwa nini. Nikasaini. Siku ya dozi ya kwanza walinitoa damu kabla ya kumeza, nusu saa baadaye, saa moja, mbili, nne, nane. Ilipofika jioni mshipa wa mkono wa kushoto ulikuwa umejificha kabisa, nesi ameushika mkono wangu katika viganja vyake anaupasha joto, macho kwenye saa ya ukutani. Sikujiona panya. Nilijiona mtu aliye mbali sana na mama yake.

Hapo ndipo kwenye kidonda. Kliniki ni kila wiki. Nikikosa miadi mfululizo, natoka kwenye utafiti. Kwa hiyo kila siku ninayobaki kwenye dawa hii ni siku ambayo sipo nyumbani, na siku zenyewe hazijulikani zimebaki ngapi. Nikirudi sasa, naacha kitu pekee kinachojaribu kunizuilia ugonjwa. Nikisubiri, huenda nikashindwa hata kupanda ndege. Ninyi mkisema nimepona, mnanifanya niwe mtu asiyetaka tu kurudi. Pesa nilizoacha kutuma pia zinaonekana ni roho mbaya. Dawa napewa bure, ndiyo, lakini siku ninazokaa kliniki hakuna anayenilipa mshahara.

Yule jirani mwambieni asiuze kitu na asifunge safari. Hawakupokei kwa sababu tu umefika: aina ya kansa lazima ilingane, ini na figo ziwe zinafanya kazi, uwe unajimudu. Akae na mgonjwa wake. Ila amwulize daktari wa saratani kama kuna utafiti karibu naye, na aulize mapema, maana mgonjwa akidhoofika wanamkataa. Na dawa za maumivu asizikatae akisubiri muujiza. Tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso, imenirudishia usingizi, na utafiti hauizuii. Kuna dawa inaitwa imatinib, ya aina moja ya kansa ya damu. Ilianza kujaribiwa kwa watu 1998, na 2001 ikaidhinishwa Marekani. Watu wanaishi leo kwa sababu wapo waliokubali kuwa wa kwanza. Usiku naliwaza hilo, nafurahi, halafu najikataza kulitegemea. Mwambieni asitegemee. Mwambieni pia asikate tamaa. Najua mambo hayo mawili hayakai pamoja, lakini mimi ninaishi nayo yote mawili.

Picha nyingine zinapigwa baada ya wiki tano. Nimeshamwambia daktari: uvimbe ukiwa umekua, sitatafuta utafiti mwingine, nakuja. Nataka nije nikiwa bado natembea kwa miguu yangu.

Mdogo wangu, sijakukasirikia. Nakuomba jambo moja. Mama asiambiwe tena kwamba nimepona, wala asiambiwe ukweli na mtu mwingine. Jumapili jioni nitapiga simu. Kaa naye, mshikie simu vizuri, na nikianza kusema usimnyang'anye.