Kuwavuta kunguru kwa sanamu na sauti: jibu kwa mfugaji wa Hombolo

Ndugu, pole kwa vifaranga wanaochukuliwa na kunguru. Umesema bunduki ya marisau unayo na kibali chake, lakini kunguru wakikuona tu wanahama, ukauliza uwavuteje.

Kabla ya yote, mwone afisa wanyamapori wa wilaya. Kibali cha silaha si ruhusa ya kuua ndege. Tena watazame vizuri: mwenye kifua cheupe ni wa asili hapa kwetu, mwenye shingo ya kijivu ni yule wa India aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890. Mwambie afisa ni yupi.

Akikuruhusu, kinachofanya kazi zaidi ni sanamu ya bundi. Kunguru wanamchukia bundi, wakimwona mchana wanaitana kumzonga. Mweke juu ya kigingi mahali peupe, na kunguru bandia wawili watatu kwenye matawi ya mgunga jirani. Spika ya sauti za kunguru wakigombana iwe karibu na bundi, mbali nawe, maana wanaifuata sauti hadi chanzo chake. Wakishafika, izime.

Jifiche alfajiri, kabla hawajatoka walikolala. Funika uso na mikono, usitikisike. Usirudie sehemu ileile kila siku. Wana kumbukumbu kali mno.

Usipige kuelekea nyumba, njia au malisho, wala usipige chini karibu na ardhi. Sumu usiguse kabisa, itaua mbwa na tai.

Na vifaranga wafunikie wavu leo hii, usingoje kibali.