Wadogo zangu mnaoanza kupeleka wageni Lengai, someni hapa kwanza

Mimi nilitokea Kilimanjaro, nimebeba mizigo huko miaka kadhaa ndo nikaanza kuongoza, sasa siku naambiwa nipeleke wageni wawili Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya karibu na Ziwa Natron, nikaangalia urefu, mita 2,962, nikacheka. Nikasema si kakilima tu hako. Nilikoma.

Jueni kwanza kwa nini tunapanda usiku. Sio mbwembwe za kuwahi jua likichomoza, ule mlima hauna mti wa kujibanza, hauna maji, hauna kambi ya katikati, na joto la bonde la Natron wenyewe mnalijua. Jua likishapiga yale majivu unakaangwa juu na chini. Kwa hiyo mnatoka Engare Sero, kile kijiji cha chini ya mlima, saa tano usiku hivi, mkienda vizuri alfajiri mko juu, ila hesabu zako zote ziwe za kushuka. Mimi ndo nilipoharibu. Wageni wakawa wanaomba maji nawaachia tu wanywe, usiku kuna kaupepo mtu hajui anavyokauka, saa tatu asubuhi tuko katikati ya mteremko tumebaki na nusu lita. Mzee wa Kimasai tuliyekuwa naye hakusema kitu, akatoa chupa yake ya lita moja na nusu, haijafunguliwa tangu tutoke chini! Aibu niliyoiona siku ile sitaki niisimulie. Siku hizi kila mtu lita nne, mbili za kupanda, mbili nabeba mimi chini kabisa ya begi na hazitoki mpaka tumegeuza.

Njia yenyewe ni makorongo ambayo mvua imeyachimba kwenye majivu, kwingine yameganda kama saruji, kwingine juu kuna kaganda ukikanyaga linavunjika kama biskuti na mguu unaondoka nalo. Glavu lazima maana utatambaa kwa mikono na yale mawe ni msasa. Na msipangane mstari mmoja ndani ya korongo, wa juu akiteleza kokoto zote zinamshukia wa chini, gizani huzioni unazisikia tu zinakuja.

Kingine, ongea na mgeni kabla hamjaondoka kambini. Wengi wameona picha za volkano ya Erta Ale kule Ethiopia, lava nyekundu inawaka usiku kucha, wanadhani wanakuja kuona hiyo. Ya Lengai ni ya aina yake, imejaa soda, joto lake nyuzi 500 mpaka 600 hivi, inatiririka nyeusi kama oili chafu, wekundu wake ni kidogo tena gizani tu, halafu ikipoa inakuja kuwa nyeupe, ndo maana kwa mbali watu wanasema mlima una theluji. Usipomwambia mapema atakununia huko juu kama umemtapeli.

Na asikudanganye mtu mshuke ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, eti kwa sababu zamani walikuwa wanashuka. Ni kweli walikuwa wanashuka, ila mlipuko wa 2007 na 2008 uliacha shimo refu, na kingo zake kuna sehemu zimeliwa kwa chini, umesimama unapiga picha kumbe chini yako hakuna kitu. Mgeni akisogea mvute begi, heshima baadaye.

Mkifika chini kung'uteni viatu kabla hamjaingia kwenye gari, madereva wa kule wana maneno.