Umevunjika mguu kazini, na mwajiri anasema huna mkataba

Ndugu, pole sana. Uliteleza ukifunga turubai la lori hapo Salgaa, na sasa mwajiri anadai kwamba asiye na mkataba wa maandishi hawezi kudai fidia. Hilo si kweli: sheria ya Kenya inatambua pia mkataba wa mdomo, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu alipoarifiwa. Mwarifu mwajiri leo kwa maandishi, ubaki na nakala. Akikaidi, nenda mwenyewe katika ofisi ya Mkurugenzi huyo, Nakuru, ukiwa na karatasi za hospitali, jumbe za malipo ya M-Pesa na hati za mizigo, kwani dai huwasilishwa ndani ya miezi 12. Nakusihi, usitie sahihi karatasi ya "tumemalizana".