Maua ya Bustani Sebuleni: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mimi ni mama wa nyumbani ninayeishi Tanga, na uani kwangu nina bogenvila, hibiskasi, asumini, krotoni na masale mengi. Kila ninapochuma maua kwa ajili ya wageni wa Ijumaa, hunyauka kabla hata ya chai ya jioni. Je, ninunue maua ya dukani?

JIBU: La, dada yangu, usinunue. Ulivyo navyo uani vinatosha, ila kila mmea una tabia yake, na sisi wa pwani mara nyingi tunautendea kila ua kana kwamba ni waridi.

Nianze na saa ya kuchuma. Mmea unapopigwa na jua hupoteza maji kupitia majani, hivyo shina linalokatwa saa 6 mchana tayari lina kiu. Kata kabla ya saa 1 asubuhi, ukiwa na kisu kikali na ndoo ya maji mkononi, kwa sababu shina linaloachwa wazi hufyonza hewa, na hewa hiyo huziba njia ya maji. Ukifika ndani, likate tena mshazari kiasi cha sentimita 2 huku ncha yake ikiwa ndani ya maji, uondoe majani yote yatakayozama, kisha uache mashina yanywe kwa saa mbili mahali penye kivuli. Sakafu ya bafuni inafaa sana.

Sasa tuyatazame maua yenyewe. Hibiskasi kwa kawaida huishi siku moja tu, hata likiwa juu ya mti, kwa hiyo usilihangaikie kwa maji: lichume asubuhi ya siku ya wageni na ulilaze juu ya kitambaa cha meza, nalo litakaa wazi bila chombo chochote. Bogenvila ni jambo jingine. Ile rangi tunayoipenda si petali bali ni majani yaliyogeuka rangi, na ua halisi ni kile kijiua cheupe kilicho katikati. Tawi refu la bogenvila hulegea upesi likiwekwa kwenye jagi; kata vishada vifupi, uondoe majani ya kijani, kisha uviache vielee juu ya maji katika bakuli pana au sinia la shaba. Asumini, kwa upande wake, hufunguka jioni. Wanaotunga vikuba, yaani vile vishada vidogo vya maua yenye harufu, huchuma matumba yake yakiwa bado yamefumba, na wewe ufanye vivyo hivyo: yachume alasiri, uyaweke kwenye kisahani karibu na mlango, na giza linapoingia mgeni atapokewa na harufu kabla hajaketi.

Hata hivyo, ningependa utegemee majani zaidi ya maua. Naamini kwa dhati kwamba nyumba ya pwani, yenye kuta nyeupe na mwanga mkali, hupendeza zaidi kwa matawi matatu marefu ya krotoni ndani ya mtungi wa udongo kuliko kwa shada la waridi lililobanwa. Udongo usiopakwa rangi huvuja, basi tia chupa ya kioo ndani ya mtungi na maji yakae humo. Isale ndilo hazina kubwa zaidi: shina lake likikaa ndani ya maji huota mizizi baada ya wiki kadhaa, nawe utaweza kulipanda upya. Kwa Wachaga jani hili ni la amani na la kuombea msamaha, kwa hiyo ukimpokea mgeni wa Kilimanjaro naye akaliona sebuleni, ataelewa kwamba amepokelewa kwa heshima.

SWALI: Nilinunua waridi Nairobi, na kesho yake vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Je, yalikuwa mabovu?

JIBU: Si lazima. Waridi likiinama shingo huku petali zikiwa bado imara, kwa kawaida hewa au bakteria wameziba shina. Yafunge maua hayo kwenye gazeti ili shingo zisimame, ukate ncha upya, uyatumbukize hadi shingoni katika maji ya vuguvugu kwa saa moja au mbili. Mengi huinuka. Baada ya hapo tia katika lita 1 ya maji kijiko kimoja cha chai cha sukari pamoja na matone machache ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Sukari peke yake hulisha bakteria. Yaweke mbali na ndizi mbivu na maembe, kwani matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoyazeesha maua.

SWALI: Jirani yangu wa Dar es Salaam anasema maua ya ndani huleta homa ya dengi. Ni kweli?

JIBU: Maua hayaleti, bali maji yaliyosimama huleta. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, hutaga hata kwenye chombo kidogo cha maua, na katika joto la jiji hilo lililopata mlipuko mwaka 2014 na tena mwaka 2019, yai huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hivi. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Usiyamwage tu: sugua kuta za ndani za chombo kwa brashi na sabuni, kwa kuwa mayai hung'ang'ania hapo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Na ikiwa nyumbani mna watoto, oleanda na mnyaa visiingie sebuleni kabisa. Oleanda ina sumu katika kila sehemu yake, na utomvu wa mnyaa huumiza macho vibaya. Baada ya kuvipogoa nje, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso.