Kanga juani, kanga jikoni
Kaka, umeuliza fotoni, yaani pakiti moja ya mwanga, ni chembe au wimbi. Inaonyesha tabia zote mbili, ila utamu uko kwenye nishati. Huku Dodoma kanga ikianikwa juani kila siku inapauka upesi. Itundike karibu na jiko la mkaa, itanuka moshi tu. Kwa nini? Mwanga huja kwa pakiti kama sukari ya dukani, na ukubwa wa pakiti, yaani nishati yake, hutegemea wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Fotoni ya mkaa mwekundu ni ndogo: zije hata bilioni, hakuna yenye ubavu wa kuvunja molekuli ya rangi. Ya urujuanimno, ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho, inao. Einstein alieleza jambo hilohilo mwaka 1905, kwa elektroni, chembe ndogo za atomu, zinazong'olewa na mwanga kwenye metali.