Kwenda kujitolea Ujerumani ukiwa Mtwara au Lindi: kinachokwamisha ni nini

Hela ya korosho ikishaanza kuingia, Oktoba kwenda Desemba, kila mtu nyumbani ana hesabu zake: bati, ada, pikipiki. Kama mwakani unataka kwenda kujitolea Ujerumani, ingiza hesabu yako mapema. Nafasi nyingi kule huanza Agosti au Septemba, na makaratasi yanakula miezi. Ukisubiri barua ya kukubaliwa ndipo ukimbilie pasipoti, utakuwa umechelewa.

Pasipoti ni shilingi 150,000. Unajaza fomu mtandaoni, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi, au kiapo kama mzazi hana cheti. Hapo wengi wanakwama kwenye majina kuliko kwenye hela. Cheti cha kidato cha nne kinasema Salumu, NIDA wanasema Salum. Mwingine alilelewa kwa mjomba, jambo la kawaida kabisa kwa Wamakonde na Wamwera, akaandikishwa shule kwa jina la mjomba huyo, huku cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Tandaza vyeti vyote mezani uvisome herufi kwa herufi. Kosa la cheti cha kuzaliwa lisahihishwe RITA, la kitambulisho lisahihishwe NIDA. Kiapo cha wakili kinaeleza tofauti, hakiifuti, na swali lile lile litakungoja ubalozini.

Njia inayoeleweka zaidi ni weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani ulioanza 2008, ambao tangu 2013 unapokea pia vijana kutoka nchi kama yetu kwenda kule. Umri ni miaka 18 hadi 28. Nauli ya ndege, malazi, chakula, bima na hela ndogo ya matumizi viko ndani ya mpango. Kwa hiyo anayekutumia ujumbe akitaka "ada ya kukuunganisha" kwa simu, mfungie namba tu.

Visa ya utalii haifai. Ile ni ya siku 90 ndani ya siku 180, na ukishafika nayo usitegemee kuigeuza. Unahitaji visa ya kukaa muda mrefu, inayoombwa ubalozini Dar es Salaam kabla ya safari. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550 za basi, basi usiende na karatasi pungufu. Beba vyeti halisi na nakala za kila kimoja. Mwanafunzi wa chuo anayetaka mwaka huo uhesabiwe kama field apate barua ya chuo kabla ya kuondoka. Kama ni kuahirisha masomo, Bodi ya Mikopo nayo ijulishwe kwa maandishi.

Kwenye begi, nyama na vitu vya maziwa havipiti forodhani. Embe linadai cheti cha afya ya mimea, nazi haidai.

Ukishafika, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia kwenye makazi yako unatakiwa kujiandikisha manispaa, ukiwa na pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Karatasi hiyo idai siku ya kwanza, kwa sababu bila usajili akaunti ya benki inakuwa kazi kufunguka. Hapo hapo omba miadi ya kibali cha ukaazi, maana foleni ni ndefu na visa ina tarehe yake.

Chumbani, jifunze dirisha. Mkono wake ukitazama chini limefungwa, ukilala limefunguka lote, ukitazama juu limeinama kwa juu tu. Wakati wa baridi wengi huliacha limeinama kutwa nzima. Ukuta unapoa, mvuke wa kupikia na kuoga unaganda juu yake, na baada ya wiki chache kuna ukungu mweusi ambao mwenye nyumba anaweza kukudai. Lifungue lote dakika tano hadi kumi, mara mbili tatu kwa siku, kisha lifunge. Kitasa cha kipasha joto kiweke namba 3, ambayo ni kama nyuzi 20.

Kazini, adui mkubwa ni "sawa". Kwetu mkubwa akikuelekeza unaitikia, hata kama hukushika yote, utauliza wenzako baadaye. Kule ukisema sawa wanaandika kwamba umeelewa, na kazi ikiharibika wanaona ulidanganya. Tembea na kijidaftari. Ukipewa maelekezo, yarudie kwa maneno yako: nianze na chumba kipi, nimalize saa ngapi, nimwambie nani nikimaliza. Hakuna atakayekuona mjinga. Kama uko nyumba ya wazee, usimnyanyue mtu kabla hujaonyeshwa namna, na kazi ya dawa na sindano si yako hata ukiombwa kwa upole. Shikamoo hutaisikia, na huenda bosi akakutaka umwite kwa jina lake la kwanza. Mwite hivyo hivyo.

Ukiumwa, piga simu kabla zamu yako haijaanza. Ugonjwa ukizidi siku tatu, cheti cha daktari ni lazima, na vituo vingine hukidai siku ya kwanza, hivyo soma mkataba.

Mwaka mzima una siku 25 za semina. Huko ndiko pa kusema kituo kikikushinda, na kubadilishiwa kunawezekana ukimwambia msimamizi mapema. Kuacha kwenda kazini kimya kimya ni hatari, kwani kibali chako cha ukaazi kimeshikwa na mkataba ule ule.